Hivi kujua C na asembli kunasaidia kweli kuelewa Python, au ni maneno ya wakongwe tu?

Jembe_Jipya

Wakuu habari zenu. Mimi najifunza Python huu mwaka wa pili, nimejifundisha mwenyewe, na siku hizi ndo inanipa kazi, nachambua mafaili ya logi, natoa ripoti, vitu vya kawaida tu. Sasa kazini kuna kaka mmoja mkongwe, mtu wa C tangu zamani (ile lugha iliyo karibu zaidi na mashine kuliko Python), kila nikimuuliza kitu jibu lake ni lile lile, "ungejua C usingeuliza hilo". Mwanzoni nilichukulia utani ila sasa imeanza kuniingia.

Wiki iliyopita ndo kaniweza kabisa. Nilikuwa najifurahisha na kigemu kile cha kupanga iksi tatu kwenye mstari, nikatengeneza ubao hivi:

`ubao = [[0] * 3] * 3`
`ubao[0][0] = 1`

Nategemea kona ya juu kushoto tu ndo ibadilike. Naprinti, nakuta `[[1, 0, 0], [1, 0, 0], [1, 0, 0]]`. Nimegusa chumba kimoja vimebadilika vitatu! Nilikaa nayo saa mbili, nikafuta nikaandika upya, nikazima kompyuta nikawasha (msinicheke), mwisho nikajiridhisha kwamba Python yangu imeharibika, nikaisakinisha upya. Bado. Yule mkongwe akapita nyuma yangu, akatazama kama sekunde tatu, akasema "pointa hizo", akaenda zake.

Sasa naombeni ushauri. Niache kila kitu nikae miezi sita na C, niingie asembli (ya chini kabisa, inayoiamrisha prosesa moja kwa moja), ndo nirudi Python? Au hizo habari za rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) na anwani za memori mtu wa mafaili na ripoti kama mimi hazinihusu? Napenda nisikie waliokanyaga pande zote mbili.

Pointa_Pori

Huyo mkongwe wako yuko sahihi ila hajui kufundisha, angevuta kiti dakika tano angekumalizia hilo tatizo.

Iko hivi. Wewe kichwani jina ni sanduku, ukisema `x = [0, 0, 0]` unaona sanduku linaitwa x na ndani kuna sifuri tatu. Kwenye Python jina ni kidole tu, ndo hiyo pointa aliyokutajia mkongwe. Orodha yenyewe imekaa mahali fulani kwenye memori na x inaionyesha kwa kidole. Na orodha nayo ndani yake haina vitu, ina vidole vilivyopangwa mstari. Kwa hiyo `[[0] * 3] * 3` imetengeneza safu MOJA ya sifuri, halafu ikarudufu kidole mara tatu. Una vidole vitatu na safu moja. Ukibadilisha safu kupitia kidole cha kwanza, hata ukiangalia kupitia cha tatu utaona ile ile maana ndo hiyo hiyo. Hakikisha mwenyewe, andika `ubao[0] is ubao[1]` itakujibu True.

Utauliza, mbona ile `[0] * 3` ya ndani haina shida, si nayo imerudufu vidole? Ndiyo imerudufu, sifuri zote tatu ni sifuri moja. Ila sifuri haibadilishwi ndani kwa ndani, ukiandika `ubao[0][0] = 1` unachofanya ni kukitoa kidole kwenye sifuri ukakielekeza kwenye moja, sifuri yenyewe imebaki salama. Ndo maana hujawahi kulalamika.

Dawa yake ni `[[0] * 3 for _ in range(3)]`, hapo kila mzunguko inaunda safu mpya.

Sasa C inaingiaje hapa. Kwenye C hiki kitu hakijifichi, unaandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba hapa naweka namba, hapa naweka anwani ya mahali namba ilipo, na ukichanganya hivyo viwili mara nyingi programu inakufa mbele ya macho yako. Ukishaumwa mara kumi, ukirudi Python unaanza kuona vidole hata pasipoandikwa. Ule mtego mwingine wa `def weka(kitu, kapu=[])`, ambapo ukiita mara ya pili unakuta vitu vya mara ya kwanza bado vimo, mimi sikuhitaji kuelezwa na mtu, niliona tu kwamba kapu limefumwa mara moja pale `def` ilipoendeshwa na kila anayeita anapewa kidole cha kapu lile lile.

Miezi sita ni mingi mno. Chukua wikendi tatu, jifunze pointa, `malloc` na `free` (za kuomba memori na kuirudisha), halafu jiandikie orodha inayojikuza yenyewe ikijaa. Zoezi hilo moja tu. Ukimaliza rudi Python, anza na orodha tupu, ongeza kitu kimoja kimoja huku unaipima kwa `sys.getsizeof`. Kwenye mashine yangu ya biti 64 orodha tupu ni baiti 56, ukiongeza kitu cha kwanza inaruka hadi 88, inatulia hapo hapo mpaka cha nne, cha tano inaruka 120, cha tisa inaruka 184. Utatabasamu maana utakuwa unajua inafanya nini: imechukua nafasi za akiba ili isihame kila mara.

Bi_Semikoloni

Kaka Pointa umeeleza vizuri sana, na naomba wote tuone kwamba umeeleza habari nzima ya vidole bila kuandika mstari hata mmoja wa C 😀 Kwa hiyo kinachohitajika ni picha sahihi ya Python, na picha hiyo inapatikana kwenye Python yenyewe.

Mimi nilianza na C, nimekaa nayo miaka minne kabla sijagusa kitu kingine, na niseme ukweli iliniharibu kwa muda mrefu tu. Nilipohamia Python nilikuwa naandika `for i in range(len(majina))` halafu `majina[i]`, kila mahali, wakati `for jina in majina` ipo. Niliandika mwenyewe funksheni ya kupanga orodha, mistari arobaini, ina bagi, na `sorted` iko pale inanitazama. Nilikuwa naogopa kugawa kodi kwenye funksheni ndogo ndogo eti kuita funksheni kuna gharama, matokeo yake nina funksheni moja ndefu kama treni ambayo hata mimi mwenyewe nikiirudia baada ya wiki siielewi. Nilikuwa naokoa nanosekunde kwenye programu ambayo nusu ya muda wake inasubiri mtandao!

Kwenye SQL, lugha ya kuuliza databesi, ndo nilichekesha kabisa. C inakufundisha kufikiri kwa hatua, chukua hiki, linganisha, sogea mbele. Basi mimi nikawa navuta jedwali zima kutoka kwenye databesi, laki kadhaa za mistari, halafu nalinganisha moja moja kwa lupu ndani ya programu yangu. Bosi wangu wa wakati huo akafuta kodi yangu yote akaweka `JOIN` moja, amri ya kuunganisha majedwali. Databesi unaiambia unataka nini, namna ya kukipata inajipangia yenyewe, na sasa mtu aliyezoea kushika usukani inamuwia vigumu sana kuachia. Hakuna pointa iliyonisaidia pale, ilibidi nisahau kwanza.

Na kuna vitu vya lugha za juu ambavyo C haina kabisa, funksheni inayokumbuka vigeu vya pale ilipozaliwa, jenereta (inayokutolea kitu kimoja kimoja unapokihitaji), mfumo wa aina za data kama wa lugha ya Haskell, hivyo utavitafuta huko chini mpaka uchoke. Kwa hiyo Jembe, ukitaka kuielewa Python vizuri, soma Python kwa kina. C jifunze ukiipenda au ukiihitaji.

mpita_njia_88

Mimi bado niko kwenye kusakinisha Python upya kwa sababu ya orodha 😂😂 pole mkuu, mimi niliwahi kubadilisha kibodi kwa sababu kodi ilikuwa haisevu, kumbe nilikuwa naendesha faili la folda nyingine.

Kobe_wa_Kodi

Nakubaliana na dada Semikoloni kwenye mtindo wa uandishi, ila kuna sehemu moja ambayo lugha ya juu haikukingi na huko ndo watu wanaumia, nayo ni NAMBA.

Mimi kazi yangu ni vidude vidogo, maikrokontrola. Kile kichipi cha Arduino Uno, ATmega328P, kina RAM kilobaiti 2 basi, na `int` yake ni biti 16, mwisho 32,767. Programu yangu ya kwanza kabisa pale ilikuwa ya kuwasha na kuzima pampu kwa muda, nikawa nahifadhi milisekunde kwenye `int`. Najaribu mezani, safi. Nageuka kidogo narudi, pampu imerukwa na akili, inawaka inazima inawaka. Nawasha upya, safi tena. Ilinichukua jioni nzima kushika saa na kugundua kwamba inachanganyikiwa kila ikifika sekunde 32 na kitu. Milisekunde 32,767, namba imejaa, ikageuka hasi, na muda ukaanza kwenda kinyume kwa mujibu wa programu yangu.

Miaka imepita, nimeitwa kusaidia mfumo ulioandikwa kwa JavaScript, hakuna chipi wala pampu hapo. Malalamiko ni kwamba baadhi ya wateja wakibofya taarifa zao wanafunguliwa za mtu mwingine. Timu imehangaika siku mbili na seva, na kashe (hifadhi ya muda), na ruhusa. Nikaomba niione namba ya utambulisho kwenye databesi na ile inayofika kwenye kivinjari. Databesi inasema inaishia na 993, kivinjari kinasema 992. Nikajua hapo hapo. Namba za kawaida za JavaScript zote ni desimali za biti 64, na kwa namba kamili uhakika wake unaishia 9,007,199,254,740,991. Jaribu mwenyewe, andika 9007199254740993 kwenye konsoli uone itakujibu nini. Tukazituma kama maandishi badala ya namba, ikaisha. Sina akili kuliko ile timu, ni vile tu nilishapigwa na pampu.

Na wewe Jembe wa Python usijione umepona. Namba kamili za Python zenyewe zinakua mpaka memori iishe, ndo maana hata moja peke yake inakula baiti 28. Ila siku ukigusa NumPy, maktaba ya mahesabu ya Python, umeingia nyumba ya C. Orodha ya `int8` (namba kamili za biti 8, mwisho 127) yenye 127, ijumlishe na nyingine ya `int8` yenye 1, unapata -128, na haikuambii kitu.

Na sio mambo ya wanafunzi haya. Roketi ya Ulaya, Ariane 5, safari yake ya kwanza tarehe 4 Juni 1996, programu ilichukua desimali ya biti 64 ikataka kuiingiza kwenye namba kamili ya biti 16, haikuenea, na sekunde kama 40 tangu iruke ikawa vipande angani. Ile programu iliandikwa kwa Ada, lugha ya juu na ya watu makini kweli kweli.

Fundi_Null

Mimi naona mnabishana kuhusu C wakati swali ni la ghorofa. Hii "chini" mnayoisema ni chini ya nani? C ilipotoka kule Bell Labs mwaka 1972 ilihesabiwa lugha ya juu, chini ilikuwa asembli. Na leo mtu wa C mwenyewe haoni prosesa inafanya nini, kompaila (inayogeuza kodi kuwa maagizo ya mashine) inafuta mistari yake, inapanga upya, prosesa nayo inatekeleza maagizo bila kufuata foleni, memori inasomwa kwa vipande, mara nyingi vya baiti 64, kwenye kashe, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoandikwa kwenye kodi yake ya C. Kwa hiyo hata mkongwe wa Jembe naye ana mkongwe wake wa kumwambia "ungejua haya usingeuliza".

Ushauri wangu ni ushuke ghorofa MOJA kutoka hapo unapofanyia kazi. Wa Python ashuke aone baitikodi, yale maagizo ambayo Python inageuza kodi yako kuwa, ipo humo humo, `import dis` halafu `dis.dis(funksheni_yako)`, utaona maagizo yanayotekelezwa, na utashangaa `x += 1` ni vihatua vingapi (na hapo ndo utaelewa kwa nini nyuzi mbili (sehemu za programu zinazokwenda kwa pamoja) zikigusa x moja zinaweza kukanyagana). Wa SQL aweke `EXPLAIN` mbele ya swali lake aone databesi imepanga kupita wapi. Wa tovuti afungue zana za kivinjari aone maombi ya HTTP yakienda na kurudi. Ukishuka ghorofa tano kwa mpigo hadi kwenye rejista utaona vitu vizuri sana ambavyo huwezi kuviunganisha na ripoti yako ya kesho asubuhi.

Na kwa wanaodhani lugha za juu zilishuka kutoka mbinguni zikiwa safi: Lisp ya McCarthy, 1958, lugha ya watu wa nadharia kabisa, kichwa cha orodha inakiita `car` na mkia `cdr`. Hayo majina ni ya mashine ya IBM 704! `car` ni "yaliyomo kwenye sehemu ya anwani ya rejista". Mashine yenyewe haipo tena ila wapo watu wanaandika `car` hadi leo.

Jembe_Jipya

Aisee asanteni sana wote, sikutegemea. Dada Semikoloni nimejikuta kwenye `range(len())` na sijawahi hata kuigusa C, sijui nimeitoa wapi 😅

Nimefanya ile ya `is`, imesema True, nikabaki naitazama tu. Nikachora vidole kwenye karatasi na sasa naona vidole kila mahali. Ila imenifanya nianze kuiangalia kwa jicho baya programu yangu nyingine. Nina orodha ya mistari ya logi kama 500,000, naichukua mmoja mmoja kutoka mbele, `mstari = foleni.pop(0)`, nauchambua, nachukua mwingine mpaka iishe. Ikiwa na mistari 5,000 ni papo hapo, ikiwa na 500,000 inazidi dakika na feni inapiga kelele. Nilikuwa nadhani ni uchambuzi wangu ndo mzito. Sasa najiuliza, kama orodha ni vidole vilivyopangwa mstari na nikang'oa cha kwanza... vilivyobaki vinasogea?

Pointa_Pori

VINASOGEA. Vyote. Umejijibu mwenyewe mkuu.

Piga hesabu uone. Kila kidole ni baiti 8, vidole 500,000 ni megabaiti 4. Ukitoa wa kwanza, karibu megabaiti 4 zinasogezwa hatua moja mbele. Ukitoa wa pili, tena. Inapungua pungua mpaka mwisho, wastani tuseme megabaiti 2 kwa kila mstari, zidisha mara 500,000, umehamisha terabaiti nzima ndani ya memori kwa ajili ya faili ambalo sidhani hata linafika megabaiti 100. Feni ina haki ya kulalamika.

Tumia `deque` (foleni ya pande mbili) kutoka `collections`, na `popleft()`. Yenyewe haipangi vidole kwenye mstari mmoja mrefu, inavikata kwenye mafungu ya 64 yaliyounganishwa, kwa hiyo kutoa wa mbele hakumgusi mwingine yeyote. Ila usije ukaitumia kuruka ruka katikati kwa `foleni[250000]`, hapo itabidi itembee fungu kwa fungu na utarudi hapa kulia tena.

Jembe_Jipya

Nimebadilisha mistari miwili tu. Imeisha kabla sijakaa vizuri kwenye kiti!! Nimeendesha mara tatu nikidhani haijafanya kazi, nikalinganisha ripoti mpya na ya zamani, ni zile zile. Kesho namwonyesha mkongwe, terabaiti nzima!

Bi_Semikoloni

Hongera 👏 Ila Jembe, swali dogo kabla hujaenda kwa mkongwe. Wakati unachambua, kuna mistari mipya unayoiongeza kwenye hiyo foleni?

Jembe_Jipya

Hapana dada, nasoma faili lote mwanzoni, baada ya hapo natoa tu mpaka iishe.

Bi_Semikoloni

Sasa unaitoa ya nini? Si `for mstari in faili` tu?

Jembe_Jipya

...

Ngoja nifute.